Wiki Tano Kwenye Nyumba ya Upana wa Mita 2

Hebu simama katikati ya sebule yako, nyoosha mikono yote miwili kama unayemzuia mtu asipite. Sasa ongeza kiganja kimoja kila upande. Huo ndio upana wa nyumba niliyokaa mimi na mume wangu kwa wiki tano, kiangazi cha Uingereza cha mwaka 2023. Urefu wake mita 17. Yaani ni kama mtu amechukua korido ya gesti, akaitia injini ya dizeli, akaisukumia majini.

Mambo yalianza hivi. Wifi yangu ni nesi huko Uingereza, ameolewa na Mwingereza, na wawili hao hawana nyumba. Wana boti. Wala si kwamba wamekwama kimaisha, wameamua tu. Mwaka ule walitaka kuja Dar kukaa mwezi na siku kadhaa, nasi tukawaambia nyumba yetu ya Tegeta ipo, karibuni. Wifi akajibu, "Basi na nyinyi mje mkae kwetu. Tubadilishane." Mimi nikacheka. Mume wangu hakucheka, akaenda kuulizia viza.

Na nikwambie ukweli, maana kurasa hizi si za kudanganyana: hatukuwa vizuri. Miezi mitatu kabla ya safari tulishakaa mezani tukalitamka lile neno la kistaarabu, "tupumzike kidogo". Hakukuwa na mtu wa nje, hakukuwa na kipigo. Ni kazi, foleni na simu. Mimi wiki ya kufunga toleo narudi saa nne usiku, yeye amelala au amejifanya amelala. Nyumba yetu ina vyumba vinne, na kwenye nyumba ya vyumba vinne unaweza kumkwepa mwenzako mwaka mzima huku kila asubuhi mnasalimiana. Mtoto tukampeleka kwa bibi yake Morogoro, tukapanda ndege. Mashosti zangu wakaiita hanimuni ya pili. Mimi moyoni niliiita mtihani wa mwisho.

KWANZA UIJUE HIYO BOTI

Usifikirie yoti ya mabilionea. Boti hizi zilizaliwa kubeba makaa ya mawe. Mwaka 1761 ulifunguliwa mfereji wa kupeleka makaa kutoka machimbo ya Worsley hadi Manchester, na injinia aliyefanya kazi kubwa pale, James Brindley, akawa ndiye mtu wa kuitwa kila penye mfereji. Mwenye viwanda vya vyombo Josiah Wedgwood alikuwa mmoja wa waliousukuma mradi wa mfereji mwingine, uliokamilika mwaka 1777, kwa sababu sahani na birika zake zilikuwa zikivunjika kwenye mikokoteni njiani. Ukiwahi kupakia vyombo vya harusi kwenye kirikuu, barabara ya vumbi, unamwelewa.

Upana wa boti unatokana na loki. Loki ni chumba cha matofali au mawe kilichojengwa ndani ya mfereji, kina milango mizito kila upande. Mnaingiza boti, mnafunga milango, mnafungua vilango vidogo vya kupitisha maji, boti inapanda au kushuka kama lifti. Ndivyo boti inavyopanda kilima. Brindley alizijenga loki zake nyingi kwa upana wa mita 2.1 tu, ili kupunguza gharama na maji, na tangu hapo boti zikalazimika kuwa nyembamba. Uamuzi wa bajeti wa karne ya 18 ndio uliofanya mimi na mume wangu tushindwe kupishana jikoni.

Zamani familia nzima, baba, mama na watoto, ililala kwenye kibanda cha mita 3 upande wa tezi, kwingine kote ni mzigo. Kisha reli ikaja, malori yakaja, mifereji ikaanza kufa. Mojawapo ya mambo yaliyoiokoa ni kitabu. Mwaka 1939 mwandishi L.T.C. Rolt na mkewe Angela, maharusi wapya, waliondoka mji wa Banbury na boti yao iitwayo Cressy kwenda kuzunguka mifereji. Kitabu chake, Narrow Boat, kilitoka mwaka 1944, na miaka miwili baadaye ikaundwa jumuiya ya kuitetea mifereji. Leo taasisi ya Canal & River Trust, iliyochukua kazi hiyo mwaka 2012, inatunza zaidi ya kilomita 3,200 za njia za maji England na Wales.

Habari za Rolt nilizisoma usiku wa kwanza, kwenye kabati la vitabu la shemeji. Maharusi wale waliishi kwenye boti zaidi ya miaka 10. Nikafungua ukurasa unaofuata kwa hamu. Mwaka 1951 waliachana, bwana akabaki nchi kavu, bibi akajiunga na sarakasi! Nikafunga kitabu, nikazima taa.

MWENDO WA BIBI NA MBWA WAKE

Boti ya wifi hukaa Braunston, kijiji cha Northamptonshire ambako mifereji miwili mikubwa, Grand Union na Oxford, inakutana. Mpango wetu ulikuwa kuteremka Mfereji wa Oxford hadi Banbury, kisha kurudi. Kwa maji ni zaidi ya kilomita 40. Kwa gari, chini ya saa moja. Sisi tulipanga wiki mbili na nusu kwenda tu.

Mwendo wa juu unaoruhusiwa ni kilomita 6.4 kwa saa, na ukipita boti zilizofungwa kando unapunguza mpaka karibu usimame, la sivyo mawimbi yako yanamwaga chai za watu. Siku ya kwanza tulipitwa na bibi mmoja aliyekuwa akimtembeza mbwa wake kwenye njia ya kando. Akatusalimia, akatuacha. Mume wangu, mtu anayepiga honi pale Mwenge hata kabla taa haijawaka kijani, alibaki ameduwaa.

Kuendesha nako kuna mambo. Hakuna usukani wa kuzungusha. Unashika kana, kama wavuvi wetu wa Kunduchi. Ukitaka boti iende kulia, unasukuma kana kushoto. Breki hakuna, unarudisha nyuma injini, unaomba Mungu. Na boti haikati kona kwa mbele kama gari, inajizungusha katikati, kwa hiyo unapofikiri umeokoa pua, tezi ndiyo inagonga daraja. Tuligonga daraja la kwanza, tukagonga la tatu. La pili sijui lilitukwepaje.

Mkikutana na boti nyingine, kila mmoja anakaa kulia kwake, kinyume na barabara za kwetu na za kwao. Jifunze hilo kabla hujatoka, maana sisi tulijifunza tukiwa uso kwa uso na wazee wawili waliokuwa wanakunywa chai kwa utulivu wa ajabu huku tukiwaendea.

Na kuna watazamaji. Waingereza wa mifereji wana neno maalumu, "gongoozler", kwa mtu anayesimama tu kutazama boti zikipita bila kufanya chochote. Nikamwambia mume wangu, kwa hesabu hiyo Dar nzima ni gongoozler, ajali ndogo tu watu mia wamesimama.

CHOO HAKINA CHEO

Naona unasubiri niongelee choo. Haya.

Choo cha boti ya wifi ni cha kaseti. Siyo kaseti ya taarabu. Ni dumu bapa la lita 20 hivi linalokaa chini ya kiti, na likijaa mnalitoa, mnalivuta kwa magurudumu yake mpaka kituo cha kumwagia, mnalisuuza, mnarudisha. Kwa watu wawili ni kila baada ya siku mbili tatu. Hakuna mwanamapinduzi wa ndoa aliyewahi kubuni mtihani mzuri kama huu. Tulirusha shilingi, akashindwa yeye. Asubuhi aliporudi kutoka safari ya kwanza alikuwa anacheka peke yake. Kwenye foleni kituoni, mbele yake alisimama mzee nadhifu wa tai shingoni, jaji mstaafu, na dumu lake mkononi. Wakaongea siasa za nchi zote mbili mpaka zamu ikafika. "Kule choo hakina cheo," akaniambia. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia anatania tangu mwezi wa nne.

Baada ya kumwaga, nawa mikono kwa sabuni, na usitumie maji ya mfereji kuosha kitu cha kula. Mkojo wa panya huingia humo na unaweza kuleta leptospirosisi, ndugu yule yule wa homa ya mgunda iliyotutisha Lindi mwaka 2022. Maji ya kunywa yanajazwa kwenye tanki la boti kutoka mabomba yaliyoko kando ya mfereji, na ufunguo mmoja maalumu unafungua vituo karibu nchi nzima. Tanki likiwa linajaa, unasimama pale nusu saa na zaidi. Usimwachie mtu akajaze huku wewe unaoga. Nimesema tu.

Umeme ni wa betri, zinazochajiwa na injini na sola juu ya paa. Hapa watu wa Dar tuna uzoefu, mgao umetufundisha. Sheria ni kwamba ukiwa umefunga karibu na watu, injini haiwashwi kati ya saa mbili usiku na saa mbili asubuhi. Kwa hiyo simu ikiisha chaji saa tatu usiku, imeisha. Wiki ya kwanza nilitapatapa kama mlevi aliyenyimwa. Mume wangu pia. Tukabaki tunatazamana kwenye korido ya mita 17, hatuna la kufanya, tukaanza kucheza karata. Anaiba karata, mume wangu. Miaka tisa ya ndoa nilikuwa sijui.

Jioni za mvua, na hata kiangazi zipo nyingi, tuliwasha jiko la chuma la makaa ya mawe. Raha yake haielezeki. Ila pale ukutani kuna king'ora cha kaboni monoksaidi, ambacho tangu Aprili 2019 ni lazima kwenye boti zenye vyumba vya kukaa, maana hewa hiyo haina rangi wala harufu na inaua watu usingizini. Nilikiangalia sana kile kidude nikifikiria majiko ya mkaa tunayoingiza vyumbani kwetu msimu wa baridi kule Njombe na Makete. Jiko la mkaa halilali chumbani na watu. Hapo sitanii.

KANGA YA MAMA MKWE

Baada ya kijiji cha Napton kuna loki 9 za kupanda. Tulichukua nusu siku. Ndipo nilipogundua siri ya wanandoa wa Kiingereza: mara nyingi bwana amesimama nyuma ameshika kana, kofia kichwani, kama admiral, na bibi yuko chini anasukuma mlango mzito kwa makalio. Mama mmoja mwenye umri wa mama yangu aliniona natweta, akaniambia, "Binti, mwenye nguvu ndiye asukume. Kuendesha hakuhitaji misuli." Tangu siku ile tukawa tunapokezana, siku yangu na siku yako. Pale Napton pia kamba ilinikamata pete ya ndoa, ikanivuta kidole mpaka nikapiga kelele. Kidole kikavimba. Ukumbuke hiyo pete.

Juu ya loki hizo unapata kipande cha kilomita kama 17 kisicho na loki hata moja. Mfereji unafuata mwinuko wa ardhi, unajipinda kama nyoka. Pale Wormleighton unaizunguka nyumba moja ya shamba na kilima chake upande huu, upande wa pili, upande wa tatu, mpaka unajiuliza kama mmepotea. Kondoo, mashamba, mbingu kubwa. Nikafua.

Kanga niliianika kwenye reli ya nyuma. Ilikuwa kanga nyekundu aliyonipa mama mkwe, na jina lake lilikuwa la kumpasha mtu, sitalitaja kwa heshima yake. Upepo ukaipeperusha, ikaingia majini, na kabla sijamaliza kusema "simama", injini ikakohoa na boti ikafa.

Ikitokea kwako: zima injini na utoe ufunguo uutie mfukoni, si kuzima tu. Nyuma kuna mfuniko, unaufungua, unaingiza mkono kwenye maji ya baridi moja kwa moja hadi kwenye propela. Mume wangu alilala kifudifudi saa moja na nusu na kisu cha mkate. Kanga ikatoka vipande vipande, kila kipande na neno lake. "Hili linasema 'wewe'," akawa ananitangazia. "Hili sijui ni 'hasidi'." Mwanzoni tulicheka. Kufika kipande cha kumi hakuna aliyecheka tena. Yeye kagandamana kwa baridi, mimi nimekasirika kwa ajili ya kanga, yeye kanikumbusha kwamba alisema nguo zianikwe ndani, mimi nimemkumbusha mengine ambayo hayakuhusiana na nguo kabisa. Unajua yanavyokwenda.

Jioni tulifunga boti karibu na Fenny Compton. Kidole bado kinauma, nikafungua daftari la maelekezo aliloandika shemeji kwa mkono, ukurasa wa pili, mstari wa tatu: vua pete na saa kabla ya kushika kamba. Nikaivua, nikaitia kwenye kikombe rafuni jikoni, nikalala. Sikumwambia kitu, maana tulikuwa hatusemeshani.

Yeye alikwenda kunywa maji usiku.

LOKI ZA CLAYDON

Asubuhi akawa mkimya zaidi ya ugomvi wa kanga. Kwetu Tegeta angechukua gari angeenda kukaa na wenzake. Pale angekwenda wapi? Alisimama nyuma na kana yake, mimi nikakaa mbele na kahawa yangu, mita 17 kati yetu, na kilomita moja baada ya nyingine hakuna aliyesema neno. Mpaka tukafika Claydon, loki 5, za kwanza za kushuka.

Hapa nisikilize vizuri, hata kama hutakwenda kokote. Boti inaposhuka kwenye loki kuna hatari moja kubwa kuliko zote. Chini ya mlango wa juu kuna kizingiti kipana kilichofichwa na maji. Maji yakitoka, kizingiti kinatokeza. Kama tezi ya boti imerudi nyuma ikakaa juu yake, nyuma inaning'inia pale na mbele inaendelea kushuka na maji. Boti zimezama hivyo. Kwa hiyo pembeni wamechora mstari mweupe: anayeendesha anaiweka boti mbele ya mstari, anayefungua vilango hafungui mpaka aone ishara, na akishafungua haondoi macho. Sisi tulikuwa na ishara zetu, tulizipanga Braunston kwa kujigamba kabisa. Mkono juu, subiri. Dole gumba, fungua.

Siku ile hakunipa dole gumba kwa sababu hakutaka kunitazama. Mimi sikusubiri dole gumba kwa sababu sikutaka kumtazama. Nikazungusha hendeli, nikafungua vilango vyote viwili mpaka mwisho, nikageuka kuangalia kondoo.

Kilichonigeusha ni mlio wa vyombo. Sauti ya kabati zima la jikoni likiteleza kwenda upande mmoja. Nikaona pua ya boti imeinama kama ng'ombe anayekunywa maji na mume wangu nyuma ameshikilia paa, viatu vinateleza. Nilisimama tu. Aliyepiga kelele ni mzee aliyekuwa akipita na mbwa: "Funga! Funga vilango!" Nikafunga, mikono inatetemeka mpaka hendeli ikanitoka mara mbili. Mzee akakimbilia mlango wa juu, akanionyesha, nikafungua vilango vya juu, maji yakaanza kurudi ndani ya loki. Polepole sana. Sijawahi kuona maji yanakwenda polepole vile. Kisha boti ikatikisika, ikajinasua, ikaelea.

Mzee akashusha pumzi, akatuuliza kwa adabu zote za Kiingereza kama huwa tuna utaratibu wa kupeana ishara. Tukasema ndiyo, huwa tunao.

Tulipoifunga boti kando, nikabaki nje nimekaa kwenye majani. Mume wangu aliingia kuokota vigae. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka alikuwa ameshika pete yangu, ameikuta sakafuni chini ya jiko, katikati ya kikombe kilichovunjika.

"Niliiona usiku," akasema. "Nikajua umeshaamua."

"Nimeamua nini?"

"Mama, umevua pete."

"Kamba!" nikasema. "Daftari la shemeji, ukurasa wa pili!"

Akaingia ndani tena. Nikasikia anafunua karatasi. Kisha kimya. Kisha nikamsikia anacheka, halafu kile kicheko kikabadilika, nikanyanyuka nikaingia.

Hatukuondoka Claydon siku ile wala kesho yake. Mengi tuliyoongea ni yetu, lakini moja nitakwambia. Aliniuliza swali ambalo mezani Tegeta hakuna aliyethubutu: "Bado unataka?" Sikumjibu "ndiyo" kama kwenye sinema. Nilimwambia nataka, ila siyo vile tulivyokuwa, na nikamtajia vitu vitatu. Yeye akanitajia vinne. Cha nne kilikuwa simu yangu kitandani, na alikuwa na haki. Saa nne usiku taa ikaanza kufifia kwa sababu hatukuwa tumechaji betri, tukaendelea gizani.

KAMA MNAFIKIRIA KWENDA

Tulifika Banbury siku nne baadaye. Uwanja wa Tooley's, ulioanza kutengeneza boti mwaka 1790 na ndiko Cressy ilikoandaliwa kwa safari ile ya maharusi, bado upo, umezungukwa na kituo cha maduka. Nikanunua vikombe viwili vya kumlipa wifi, tukageuza boti.

Huna wifi mwenye boti? Zipo kampuni nyingi za kukodisha, kwa siku tatu nne au wiki, na kwa mifereji hii mpangaji haombwi leseni ya nahodha. Wanakufundisha siku ya kuchukua boti, sikiliza kila neno, uliza habari za kizingiti mara mbili. Nendeni kati ya Aprili na Oktoba. Majira ya baridi loki nyingi hufungwa kwa matengenezo. Kwa viza anza mapema na taarifa za benki zilizonyooka. Mbebe mabegi laini, sanduku gumu halina pa kukaa. Glovu, koti la mvua, viatu visivyoteleza. Viungo vya pilau bebeni, ila dagaa msikaange milango imefungwa, harufu ilikaa siku sita. Na chagueni kipande chenye loki chache, hasa kama ndoa yenu ni changa au imechoka.

Pete sasa naivaa shingoni kwenye mkufu kila nikiwa karibu na kamba, jambo ambalo Dar halitokei mara nyingi.

Wifi na shemeji nao walirudi kwao na malalamiko. Eti nyumba yetu ni kubwa mno, kutwa wanatafutana, mmoja akiita hasikiki. Wiki ya mwisho walihamia wote chumba cha wageni. Mwezi wa pili baada ya hapo wifi akanipigia simu, sauti ya kuchunguza. Boti ilikuwa imepandishwa kupakwa rangi, na fundi amekuta uzi mwekundu umejisokota kwenye mhimili wa propela, na kipande cha kitambaa chenye maandishi ambayo anaomba atafsiriwe.

"Limeandikwa nini hilo neno?" nikamuuliza.

Akanisomea. Nikampa simu mume wangu amweleze mwenyewe, kanga ni ya mama yao.